Nimeoa, niliacha seminari, na sasa ushemasi unaniita

*"Tumsifu Yesu Kristo. Nina miaka 43, mzaliwa wa Rombo, naishi Texas na mke wangu na watoto wetu watatu. Wa mwisho ana miaka 6. Tulifunga ndoa kanisani miaka 15 iliyopita. Ujanani nilikuwa seminari kuu, nikaacha kwa hiari yangu mwaka wa pili wa Falsafa. Hapa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku, na ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Waswahili. Mwaka jana parokiani kwetu mzee mmoja mwenye wajukuu alipewa daraja ya ushemasi wa kudumu, na tangu siku ile sina utulivu. Mama yangu nyumbani anasema hajawahi kusikia shemasi mwenye mke. Rafiki zangu wanasema ni upadre wa nusu. Mke wangu hakatai, ila ameniuliza swali ambalo sijaweza kulijibu: 'Nikifa kesho, wewe huoi tena. Hilo umeliamua wewe, au tumeliamua sisi?' Nitajuaje kama ni wito kweli? Maandalizi yakoje? Na nikistaafu nikarudi nyumbani, nitaendelea kuwa shemasi?"*

Milele amina, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho limesimama kwenye swali la shemeji. Mimi mwenyewe ni shemasi wa kudumu mwenye mke, na kwa miaka kadhaa nimekaa na wanaume na wake zao wakati wa malezi hapa Marekani, kwa hiyo swali hilo nalifahamu. Nitalifikia. Lakini nianze na mama, maana mama ana haki ya kushangaa.

Mashemasi aliowaona mama ni vijana wa seminari kuu. Wanavaa stola ya kukatiza kifuani, wanahudumu parokiani miezi kadhaa, kisha watu wanachinja mbuzi, ni upadre. Hao ni mashemasi wa mpito. Wa kudumu hubaki shemasi, haendi upadre. Hapo mwanzo ushemasi haukuwa ngazi ya kupandia kwenda kwingine. Soma Matendo 6: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, Mitume wakawawekea mikono watu saba, Stefano na Filipo wakiwemo, na Kanisa limeona hapo chimbuko la ushemasi. Paulo katika 1 Timotheo 3 anataka shemasi awe mume wa mke mmoja, mwenye kuisimamia vizuri nyumba yake. Mtakatifu Laurensi, aliyeuawa Roma mwaka 258, alikuwa shemasi. Baadaye, katika Kanisa la Magharibi, daraja hii ikafifia ikawa hatua ya kuelekea upadre tu, na ikabaki hivyo kwa karne nyingi.

Wazo la kuirudisha lilipata nguvu mahali ambapo huwezi kupadhania. Katika kambi ya mateso ya Dachau, mapadre waliofungwa na Wanazi walikuwa wakijiuliza Kanisa litawahudumiaje watu baada ya maangamizi yale, na baadhi yao waliotoka hai waliandika juu ya ushemasi. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, katika hati ya Mwanga wa Mataifa namba 29, ukaamua kwamba ushemasi unaweza kurudishwa kama daraja ya kudumu, na wanaume waliokomaa wanaoishi katika ndoa wakapewa nafasi. Papa Paulo VI akatoa taratibu mwaka 1967. Mwaka 1968 mashemasi wa kwanza wenye wake wakapewa daraja Köln, Ujerumani, na mwaka huohuo maaskofu wa Marekani wakapata kibali cha Roma. Leo hapa ulipo ndiyo nchi yenye mashemasi wa kudumu wengi kuliko zote. Duniani wanazidi 50,000, na Afrika nzima ina mamia tu. Kwa hiyo mama hajakosea. Hajaona kwa sababu kwetu ni nadra.

Ni nadra kwa sababu Mtaguso haukulazimisha mtu. Uliwaachia mabaraza ya maaskofu waamue, na nyumbani maaskofu wetu waliwategemea makatekista. Nani asiyejua kigango ambacho padre anafika mara moja kwa mwezi, na Jumapili nyingine zote katekista ndiye anayeongoza Ibada ya Neno, anayefundisha watoto, anayezika? Mtaguso wenyewe uliwaona watu hao. Hati juu ya Umisionari, namba 16, inasema kwamba wanaume ambao tayari wanatenda kazi za kishemasi, wakihubiri kama makatekista, wakiongoza jumuiya za mbali au wakitenda huduma za upendo, inafaa waimarishwe kwa kuwekewa mikono. Mimi natamani siku moja maneno hayo yasomwe upya kwetu.

Na mwambie mama kitu kimoja zaidi, asije akasikia kanisani kwamba mapadre wameanza kuoa: mwenye mke anaweza kupewa daraja ya ushemasi, lakini mwenye daraja hawezi kuoa. Mpangilio huo haugeuki.

Sasa rafiki zako. "Upadre wa nusu" ni maneno yanayouma, hasa kwa mtu aliyewahi kukaa seminari. Ile hati ya Mwanga wa Mataifa inasema shemasi huwekewa mikono *si kwa ajili ya ukuhani, bali kwa ajili ya huduma*. Padre na shemasi wote wanamtegemea askofu, lakini kila mmoja kwa kazi yake. Ndiyo maana siku ya daraja ya shemasi ni askofu peke yake anayeweka mikono. Mapadre waliopo hawafanyi hivyo kama wafanyavyo kwa padre mpya. Papa Benedikto XVI mwaka 2009 alirekebisha Sheria za Kanisa ili jambo hilo liwe wazi: shemasi anapewa nguvu ya kuwatumikia watu wa Mungu katika liturujia, Neno na upendo. Anabatiza, anasimamia na kubariki ndoa, anasoma Injili na kuhubiri, anapeleka Komunyo kwa wagonjwa, anaongoza mazishi, anabariki kwa Sakramenti Kuu. Haadhimishi Misa, haungamishi, wala hatoi Mpako wa Wagonjwa.

Hayo asiyoyafanya yatakugusa mapema kuliko unavyofikiri. Saa 9 usiku, kwenye zamu yako, bibi mmoja anakata roho na anakuomba ondoleo la dhambi. Utashika mkono wake, utasali naye, utampa Komunyo kama anaweza kuipokea, na utampigia simu padre. Kama moyo wako utasikia kwamba hapo umeletewa kitu pungufu, kwamba ungepaswa kuwa wewe yule padre, basi tuna jambo la kuzungumza. Kama utasikia kwamba kuwa pale na kumshika mkono ndiyo kazi yenyewe, tuna jambo jingine kabisa la kuzungumza.

Ndiyo maana seminari yako inanihusu. Kuacha si aibu. Uliondoka kwa hiari na ukajenga nyumba ya Kikristo. Lakini wanaume wengi waliopita seminari wanabeba altare moyoni kama mtu anayebeba picha ya shamba aliloliuza. Siku wanapomwona shemasi amevaa dalmatika, vazi lake la ibada, picha ile inafufuka. Hamu hiyo si dhambi, wala si lazima iwe wito. Uliandika kwamba tangu siku ile ya daraja huna utulivu. Jiulize ni nini hasa kilichokutikisa. Ni yale mavazi na ile nafasi pembeni ya altare? Au ni kitu ambacho mzee yule amekuwa akikifanya kwa miaka gerezani, hospitalini au kwa maskini, na siku ile Kanisa likakitia muhuri?

Mimi wito wa shemasi nauangalia kwanza nje ya kanisa. Mtu anayeitwa, mara nyingi ukichunguza unakuta tayari anatumikia bila kuombwa, na watu wanamwendea. Umeandika kuhusu wazee unaowahudumia kwa nusu sentensi, ukapita. Mimi ningekaa hapo. Unamwosha mtu ambaye hata jina lako halikumbuki, usiku, watu wa nyumbani kwake wakiwa mbali. Wale wajane wa Matendo 6 walikuwa wanalilia huduma ya namna hiyo. Kama sala yako ikitulia pale kitandani mwa wazee, na hamu ya ushemasi ikakua pale, hiyo ni dalili nzuri. Kama inakua Jumapili tu, subiri.

Na hata dalili zote zikiwepo, bado si wewe unayeamua. Hakuna mwenye haki ya kupewa daraja. Wito una pande mbili: mvuto wa ndani, na Kanisa kukuita kwa sauti ya askofu baada ya kukupima. Siku ile mtu anatajwa jina anajibu "Mimi hapa", na kabla ya jibu hilo paroko, walezi, walimu, jumuiya na mke wamesema neno lao.

Tumefika kwa shemeji. Nikuambie ukweli, kaka: swali lake ni zito kuliko mengi ninayoulizwa na watahiniwa wenyewe. Kwetu kutaja kifo cha mke aliye hai ni uchuro, mtu hukatizwa, huambiwa "usiseme hivyo." Yeye amesema. Usimkatize.

Sheria ziko hivi. Mwanaume mwenye mke hapewi ushemasi wa kudumu kabla hajatimiza miaka 35, wala bila kibali cha mke wake. Ni kanuni ya 1031. Akishapewa daraja, kanuni ya 1087 inasema hawezi tena kufunga ndoa halali. Roma inaweza kumwondolea mjane kizuizi hicho, lakini ni kwa nadra sana na kwa sababu nzito. Usijenge maisha juu ya ruhusa hiyo. Fungo hilo ni lako, si lake. Ukitangulia wewe, yeye yuko huru kuolewa. Na kwa kuwa wengine huuliza kwa kunong'ona, naliweka wazi: maisha yenu ya ndoa yanaendelea kama yalivyo, chumba kimoja, kitanda kimoja, na mkijaliwa mtoto mwingine ni baraka. Ndoa yenu ilikuwa sakramenti kabla ya ushemasi, na inabaki.

Lakini shemeji hakuuliza sheria. Nadhani anamwona yule mtoto wa miaka 6. Rombo mama akifariki kuna bibi, kuna shangazi, kuna mama mdogo mlango wa pili. Texas kuna nani? Wewe na zamu yako ya usiku. Anataka kujua kama ulishaupiga picha usiku huo, au kama uliruka moja kwa moja hadi siku ya kuwekewa mikono. Anauliza pia kitu cha pili kilichojificha ndani ya cha kwanza: katika jambo hili mimi ni nani? Ni mtu wa kutia sahihi fomu, au ni mtu tunayeitwa naye?

Jibu la kweli, kwa barua yako nilivyoisoma, ni kwamba mpaka sasa umeliamua wewe. Hujaficha, hujafika tu. Rudi kwake ukiwa huna jibu mkononi. Mwulize anaona nini kwako ambacho wewe hukioni. Mwulize anaogopa nini zaidi ya kifo, kwa sababu hofu nyingine ni za kila siku: kwamba Jumamosi zako zitaliwa na masomo, kwamba ataitwa "mama shemasi" na watu wataanza kuhesabu urefu wa gauni lake na tabia za watoto, kwamba mtu atabisha hodi saa 5 usiku na matatizo ya ndoa yake wakati ya kwenu yamewekwa kiporo. Mpe miezi. Kaeni na familia nyingine ya shemasi, yeye azungumze na mke wa shemasi bila wewe kuwepo. Nasisitiza: bila wewe kuwepo.

Akisema "bado", hujapoteza kitu. Una miaka 43. Wengi hapa wanapewa daraja wakiwa wamepita 50, watoto wameshakuwa. Akisema "hapana", basi Kanisa nalo limesema hapana kwa sasa, na huo ni ujumbe wa kupokelewa bila kununa. Nimeona kibali kilichotolewa kwa kuchoshwa na maombi. Sahihi ilikuwepo, furaha haikuwepo, na gharama yake ililipwa nyumbani baada ya daraja. Ningependa usubiri miaka 8 kuliko upite njia hiyo.

Maandalizi yenyewe hayana siri. Unaanza kwa paroko, ambaye anakupendekeza kwa ofisi ya mashemasi ya jimbo. Hapa Marekani kuna kipindi cha kuulizia, kisha angalau mwaka mmoja wa utangulizi, kisha angalau miaka 3 ya utahiniwa. Ukijumlisha, hesabu miaka 5 hivi. Roma, katika mwongozo wa mwaka 1998, ilitaka masomo yasipungue saa 1,000: Maandiko Matakatifu, mafundisho ya imani, maadili, liturujia, sheria, kuhubiri. Kwa kawaida hufanyika jioni au mwishoni mwa wiki, na wake wanakaribishwa, mahali pengine wanatarajiwa wawepo. Mihula yako ya Falsafa itakusaidia kusoma, lakini haitakufupishia njia kubwa. Katikati utapokea huduma ya usomaji na ya utumishi wa altare, na kati ya hiyo ya pili na ushemasi lazima ipite miezi 6. Ukishakuwa shemasi utasali kila siku Masifu ya Asubuhi na ya Jioni. Anza kuyasali sasa, mkiwa wote wawili kama zamu inaruhusu. Baada ya mwezi utajua mengi.

Utapelekwa kwa mwanasaikolojia, na rekodi zako za polisi zitaangaliwa. Usione umedharauliwa, wote wanapitia. Seminari uliyotoka itaombwa maelezo, kwa hiyo mwandikie gombera, yaani mkuu wa seminari, mapema. Parokia uliyobatizwa lazima itoe cheti kipya cha ubatizo chenye maelezo ya kipaimara na ndoa. Barua pepe hukaa, bora ndugu aende kwa miguu ofisini. Na kama wewe au shemeji mliwahi kufunga ndoa yoyote ya serikali na mtu mwingine, hata iwe ilikuwa ya karatasi tu, iseme siku ya kwanza. Kanisa lina njia za kulishughulikia jambo kama hilo likijulikana mapema. Likigunduliwa mwaka wa nne, hata wanaokupenda watashindwa kukutetea.

Mshahara usiuhesabu. Shemasi mwenye kazi yake anajitegemea kwa kazi hiyo, na wengi wetu tunaendelea na kazi zetu. Ada za masomo mara nyingi jimbo na parokia hubeba sehemu, uliza ofisini.

Kuna jambo moja la sisi Waswahili wa ughaibuni ambalo walezi wa hapa hawatakuonya. Wewe ni mwenyekiti wa jumuiya. Unasimamia michango ya kusafirisha miili, unasuluhisha ndoa, unatafutia watu vyumba. Ukipewa daraja, jumuiya itataka uwe yote hayo na shemasi juu yake. Watakuita "baba", watakuletea maungamo sebuleni, watakukabidhi fedha. Achia uenyekiti na mfuko kabla ya daraja. Mtu akianza kuungama, mwambie mara moja kwamba huwezi kumwondolea dhambi na umpeleke kwa padre. Kisha jiandae kwa hili: unaahidi utii kwa askofu na waandamizi wake, na askofu anaweza kukupangia gereza au parokia ya Wamexico, si Misa ya Kiswahili. Kama ungekubali ushemasi kwa sharti la kubaki na watu wetu, bado haujawa ushemasi.

Kuhusu kurudi nyumbani: daraja haifutiki. Utakufa shemasi. Lakini unaandikishwa katika jimbo la hapa, na popote uendapo huhubiri bila ridhaa ya msimamizi wa kanisa lile, wala hubariki ndoa bila idhini ya askofu au paroko wa pale. Askofu wako wa nyumbani anaweza kukupokea kwa furaha, anaweza pia kukuomba ukae benchi na waamini kwa sababu jimbo lake halijaanzisha ushemasi wa kudumu na hataki kuwachanganya watu. Yote mawili ni haki yake. Kama ndoto yako kuu ni kuhudumu Rombo, fikiria ukatekista. Tangu Mei 2021 Papa Fransisko aliufanya kuwa huduma rasmi ya Kanisa, na ni wito kamili kwa wanaume na wanawake.

Barua haiwezi kukupima. Tafuta mlezi wa kiroho wa kukaa naye uso kwa uso kila mwezi. Awe padre au mtawa asiyekuwa rafiki yako wa jumuiya. Kama mazungumzo na shemeji yanageuka ugomvi au ukimya wa siku kadhaa, acheni kwanza habari ya ushemasi mkamwone mshauri wa ndoa. Na kama ile hali ya kukosa utulivu imeanza kukunyima usingizi hata siku usizo na zamu, mwone daktari pia. Kukesha miaka mingi kunachosha mwili, na uchovu unaweza kufanana na sauti ya Mungu.

Simu kwa paroko iwe ya mwisho. Kwanza tafuta Jumamosi moja usiyo na zamu, watoto wapeleke kwa jirani, umpikie shemeji chai, umwambie: lile swali lako sijalijibu, naomba uniulize tena.